Mwaka wa Kwanza wa Jimnastiki ya Mdundo: Tathmini ya Madarasa Mawili na Vifaa vya Mtoto Anayeanza

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka mitano na nusu alipotazama kwenye televisheni marudio ya fainali ya jimnastiki ya mdundo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, ile aliyoshinda Darja Varfolomeev wa Ujerumani, na kwa wiki nzima iliyofuata hakuwa na habari nyingine isipokuwa utepe. Hakuuliza kuhusu mpira, pete wala virungu, ingawa vyote vilitumika katika fainali hiyo hiyo. Alichokitaka ni ule utepe mrefu unaojikunja na kujikunjua hewani, na mimi, kwa kutojua, nilikwenda kumwandikisha katika darasa la wanaoanza nikiamini kwamba nanunua huduma ya kumfundisha mtoto kupeperusha utepe.

Tathmini hii inahusu mwaka mmoja uliofuata: darasa la kwanza, ambalo tuliliacha baada ya wiki sita, darasa la pili, ambalo bado tunaendelea nalo, na vifaa tulivyonunua, ambavyo karibu nusu yake havikustahili kununuliwa. Majina ya vilabu hivyo nayaacha, kwa kuwa mzazi anayesoma hapa atakutana na vilabu vingine kabisa, na kitakachomfaa ni kujua cha kutazama anapofika mlangoni.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu, ni vema nieleze kwanza kwamba si sarakasi, na wala si ile jimnastiki ya kuning'inia kwenye vyuma na kutembea juu ya boriti nyembamba. Hapa hakuna vyuma wala boriti, na kupinduka hewani bila kugusa chini hakuruhusiwi. Mchezaji huwa peke yake juu ya zulia la mita 13 kwa 13, kwa muda wa dakika moja na robo hadi dakika moja na nusu, akicheza na kifaa kimoja kwa kufuata muziki. Katika kikundi huwa watano, na muda huongezeka hadi kati ya dakika mbili na robo na dakika mbili na nusu. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Budapest mwaka 1963, na mchezo ukaingia Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles kwa mchezaji mmoja mmoja, huku vikundi vikisubiri hadi Atlanta mwaka 1996. Waamuzi hupima ugumu wa kinachofanywa, usanii wake na usafi wa utekelezaji wake. Maana yake kwa mtoto wa miaka sita ni kwamba anatakiwa kuutawala mwili wake, kitu kilichomo mkononi mwake na mdundo anaousikia, vyote kwa pamoja, ilhali bado anahangaika kufunga kamba za viatu. Darasa la wanaoanza, kwa hiyo, nalipima zaidi kwa yale linalokubali kuyachelewesha.

Darasa la kwanza halikuchelewesha chochote. Ukumbi ulikuwa safi, una vioo ukuta mzima na kabati lililojaa medali, na tulipokelewa kwa orodha ya vifaa vya lazima vilivyouzwa pale pale mapokezini vikiwa furushi moja. Nililipa bila kuuliza swali. Ndani ya furushi mlikuwa na utepe wa mita 6, pete yenye kipenyo cha sentimita 85, mpira wa gramu 400, jozi ya virungu, na vazi la kubana mwili lililoshonewa vito vya kumetameta. Baadaye sana nilikuja kutambua kwamba nilikuwa nimemnunulia mtoto vifaa vya mwanamke mzima. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki, FIG, zinataka wachezaji wa daraja la juu, yaani wanaotimiza miaka 16 na kuendelea, watumie utepe wa mita 6. Hata wasichana wa miaka 13 hadi 15 hupunguziwa hadi mita 5. Pete ya sentimita 80 hadi 90 nayo ni ya hao hao wakubwa. Binti yangu alikuwa na kimo cha sentimita 114, na pete ile iliposimamishwa kando yake ilimfika kifuani.

Wazazi tulitakiwa kusubiri nje, na mapazia yalishushwa ili watoto wasipoteze umakini. Nilikubali, kwa sababu maelezo yalionekana kuwa na busara. Katika wiki ya sita, tukiwa njiani kurudi nyumbani, mtoto aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, leo kocha alinikalia." Ilinichukua maswali kadhaa kuelewa kwamba watoto walikuwa wakipiga msamba, na kwamba kocha alikuwa akiketi juu ya nyonga zao mmoja baada ya mwingine mpaka paja liguse sakafu, na kwamba aliyelia alianza kuhesabiwa upya kutoka moja. Nilirudi siku iliyofuata kuuliza. Nilijibiwa kwamba mabingwa hupatikana hivyo. Hatukurudi tena, na ada ya muhula uliobaki haikurejeshwa.

Nataka kuwa mwangalifu hapa, maana kocha yule pengine alifundishwa hivyo hivyo utotoni na hakuwahi kuambiwa vinginevyo. Lakini jambo hili si la kocha mmoja. Nchini Uingereza, uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Anne Whyte, ambao ripoti yake ilitolewa Juni 2022 baada ya kupokea maelezo kutoka kwa watu zaidi ya 400, ulieleza jinsi watoto wa jimnastiki za aina mbalimbali walivyonyooshwa viungo mpaka kulia, walivyofanyishwa mazoezi wakiwa wameumia, na walivyosimangwa kwa sababu ya uzito wa miili yao. Nilipoisoma ripoti hiyo nilielewa kwamba yale mapazia ndiyo yaliyopaswa kunishtua, kabla hata ya mtoto kusema neno. Darasa la wanaoanza ambalo mzazi haruhusiwi kulitazama, hata kwa dakika kumi za mwisho, mimi nalipatia nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya usafi wa ukumbi.

Darasa la pili lilikuwa katika ukumbi wa michezo wa kawaida, wenye mistari ya mpira wa kikapu sakafuni na mwangwi usiopendeza. Hapakuwa na kabati la medali. Kocha, mama wa makamo aliyekuwa na filimbi shingoni ambayo sijawahi kumwona akiipuliza, alinipa karatasi yenye mistari miwili: mtoto aje na nguo zisizopwaya, soksi na chupa ya maji; mzazi asinunue kifaa chochote kwa miezi mitatu ya mwanzo. Nilipomweleza kwamba tayari tunao utepe wa mita 6 alicheka kwa upole na kusema, "Utunze, mama. Atauhitaji akifika miaka kumi na sita." Kisha akaeleza kwamba katika darasa lake utepe huwa wa mwisho, na kwamba karibu kila mtoto anayeingia mlangoni huwa amekuja kwa ajili ya utepe.

Watoto walikuwa kumi na wawili, wenye umri wa miaka mitano hadi saba, na walimu wawili. Vipindi vilikuwa viwili kwa wiki, saa moja kila kimoja, na saa hiyo ilikuwa na mpangilio ambao haukubadilika mwaka mzima. Robo saa ya kwanza ilikuwa ya kupasha mwili joto: kutembea kwa vidole vya miguu, kutembea kwa visigino, kurukaruka, kukimbia na kusimama ghafla kwa mguu mmoja muziki unapokatwa. Robo ya pili ilikuwa ya mwili wenyewe, yaani mizani (kutulia katika umbo moja bila kuyumba), miruko na mizunguko, ambayo ndiyo makundi matatu ya msingi ya mchezo huu hadi ngazi ya juu kabisa. Robo ya tatu ilikuwa ya kifaa. Dakika zilizobaki zilikuwa za kunyoosha viungo na kucheza ngoma fupi ambayo watoto waliitunga wenyewe, jambo lililozaa vurugu nyingi na kicheko kingi zaidi.

Kilichonivutia kuliko vyote ni namna muziki ulivyofundishwa. Kwa wiki tatu za mwanzo hakuna aliyeambiwa acheze kwa kufuata muziki. Waliambiwa wapige makofi, halafu watembee hatua nane na kugeuka, hatua nane na kugeuka, mpaka hesabu ya nane ikawa kitu wanachokisikia bila kukihesabu. Katika mchezo ambao jina lake lenyewe ni mdundo, ungedhani kila klabu huanzia hapo. Ile ya kwanza iliwasha muziki kama pambo tu, na watoto wakajipinda kila mmoja kwa wakati wake.

Kifaa cha kwanza kilikuwa kamba, na sababu zake ni rahisi: haina gharama kubwa, haivunji kitu, na inamlazimisha mtoto kuruka akiwa ameunganisha miguu na kunyoosha vidole. Kamba ya mchezo huu haina mishikio, bali huwa na fundo kila mwisho, na urefu wake hupimwa kwa mtoto mwenyewe: akiikanyaga katikati, ncha zake zifike kwapani. Kamba haipo tena katika mashindano ya kimataifa ya wakubwa wanaocheza mmoja mmoja, lakini makocha wa watoto wengi hawajaiacha, na baada ya kuona miguu ya binti yangu ilivyobadilika katika majuma manane, sishangai.

Kisha ukaja mpira, nao nitauzungumzia kwa kirefu, kwa kuwa ndio ulionifanya niuheshimu mchezo huu. Mpira wa wakubwa una kipenyo cha sentimita 18 hadi 20 na uzito usiopungua gramu 400. Watoto wetu walipewa wa sentimita 16, mwepesi zaidi. Kwa macho ya mzazi tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini sheria ya kwanza ya mpira ni kwamba haukamatwi. Unalala juu ya kiganja kilichokunjuliwa, vidole vikiwa vimekaribiana bila kukakamaa, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa maji. Mtoto akipewa mpira mkubwa kuliko kiganja chake hana njia nyingine ila kuubana kwa vidole au kuuegemeza kwenye mkono, na tabia hiyo ikishaingia, kuitoa ni kazi ya miaka. Kwa hiyo mpira wa gramu 400 uliokuwa katika furushi letu haukuwa wa kupita kiasi tu. Ungeweza kumharibia mtoto mkono.

Wiki ya kwanza ya mpira watoto walitembea tu, mpira kiganjani. Wiki ya pili waliketi na kuinuka bila kuudondosha. Baadaye wakaudundisha kwa hesabu ya muziki, na baada ya hapo wakauviringisha kutoka ncha ya vidole vya mkono mmoja, kupitia kifuani, hadi mkono wa pili. Zoezi hilo la mwisho lilimchukua binti yangu miezi miwili. Kwanza mpira ulimwangukia tumboni, kisha ukawa unampita begani na kukimbilia kwenye miguu ya wazazi, na siku moja ukapita kifuani kwa utulivu hadi kwenye kiganja cha pili, naye akabaki ameuangalia kana kwamba ameuona kwa mara ya kwanza. Nyumbani alipewa kazi ya kubeba mpira kiganjani kutoka chumba kimoja hadi kingine mara tano kila jioni, kwa mkono wa kulia na wa kushoto kwa usawa. Hilo la mkono wa kushoto lilisisitizwa kila mara, nami nitalirudia hapa chini.

Kuhusu utunzaji, mpira hujazwa upepo wa wastani tu. Ukijazwa sana huruka ovyo na kuteleza kiganjani, na ukilegea haudundi. Huoshwa kwa maji na sabuni kidogo, kwa sababu vumbi la sakafuni huufanya uteleze, na mtoto hujilaumu kwa kosa la vumbi.

Pete ilifuata. Kipimo chake kwa mtoto ni kwamba ikisimamishwa sakafuni ifike kwenye nyonga, na kwa binti yangu hiyo ilikuwa ya sentimita 65. Pete huviringishwa, huzungushwa mkononi katikati ya kidole gumba na cha shahada, huzungushwa kiunoni, hurukwa ndani yake, na kinachowafurahisha watoto kuliko vyote, hutupwa mbele kwa kuipindua kwa kifundo cha mkono ili iende kisha irudi yenyewe kwa mwenyewe. Ni kifaa kizuri, lakini kinahitaji nafasi, na hapa ndipo darasa letu lilipokuwa dhaifu. Watoto kumi na wawili wenye pete katika nusu ya ukumbi hawawezi kufanya kazi kwa wakati mmoja bila kugongana, hivyo walipanga foleni, na nilihesabu siku moja kwamba binti yangu alirusha pete mara tisa tu katika robo saa. Ingetosha kuwagawa, nusu wakiwa na pete na nusu wakiwa na mpira. Nililisema hilo kwa kocha, akakubali, na mpaka leo foleni ipo pale pale.

Mzazi anayenunua pete ajue pia kwamba plastiki yake haipendi joto. Pete iliyoachwa ndani ya gari juani, au iliyoegemezwa ukutani kwa wiki kadhaa, hupinda na kuwa na umbo la yai, na pete yenye umbo la yai haiviringiki kwa kunyooka hata ikishikwa na bingwa. Hutundikwa kwenye msumari mpana au hulazwa chini. Kuizungushia utepe wa gundi wa rangi huilinda isikwaruzike na kuifanya ishikike vizuri zaidi.

Virungu darasa letu halikuvigusa, na sina malalamiko. Ni viwili, kila kimoja kina uzito usiopungua gramu 150 kwa wakubwa, na vinahitaji mikono miwili inayofanya mambo mawili tofauti kwa wakati mmoja. Vile vya furushi letu bado vimo kwenye mfuko wake.

Sasa nirudi kwenye suala la kunyoosha viungo, kwa sababu ndilo lililotuondoa kule na ndilo lililotubakisha huku. Katika darasa la pili msamba upo, tena kila kipindi, lakini huja mwishoni mwili ukiwa umepata joto, na mtoto hushuka mwenyewe hadi pale anapoweza kupumua na kuzungumza. Kocha hupita akirekebisha nyonga na magoti kwa maneno, na akihitaji kumgusa mtoto humwambia kwanza. Nilimsikia akiwaeleza watoto tofauti kati ya mvuto unaosikika katikati ya msuli na maumivu makali yanayosikika kwenye kiungo, nyuma ya goti au mgongoni; la kwanza huvumiliwa kwa kuhesabu hadi ishirini, la pili husemwa mara moja. Mtoto wa miaka sita anaweza kuielewa tofauti hiyo. Niliwaona wakiitumia.

Lililonishangaza zaidi ni jinsi alivyowatendea watoto waliozaliwa na viungo vilegevu. Walikuwapo wawili waliopiga msamba hadi chini siku ya kwanza, na wazazi wao walitabasamu, nasi wengine tukawaonea wivu kimya kimya. Hao ndio aliowazuia. Aliwapa kazi ya kuinua mguu na kuushikilia hewani kwa nguvu zao wenyewe, bila mkono kuusaidia, na kazi ya kuimarisha tumbo na mgongo, akisema kwamba kiungo kinachokwenda mbali kuliko nguvu ya msuli unaokilinda ndicho kinachoumia kwanza. Mchezo huu humpinda mtoto mgongo kwa nyuma mara nyingi kuliko michezo mingi, na uti wa mgongo wa mtoto bado unakua. Pia humvuta kila mtu kwenye upande mmoja, maana mguu mmoja daima huwa mwepesi zaidi kuinuka na mchezaji huupendelea. Ndiyo sababu ya ule msisitizo wa kulia na kushoto: kila mzani, kila mruko na kila mviringo wa mpira ulifanywa kwa pande zote mbili, hata watoto waliponung'unika.

Katika darasa hilo walikuwamo wavulana wawili, na nalitaja jambo hili kwa sababu baba wa mmoja wao aliwahi kuulizwa na mzazi mwingine anafanya nini pale. Ni kweli kwamba Olimpiki na mashindano ya dunia ya mchezo huu ni ya wanawake tu. Lakini huko Japani wanaume wana jimnastiki yao ya mdundo, yenye fimbo, pete ndogo mbili, kamba na virungu, na hucheza kwa nguvu ya kutisha. Kwa umri wa miaka sita swali hilo halina uzito wowote, na kocha hakuwahi kuwatenga katika zoezi hata moja.

Kuhusu mavazi nitakuwa mfupi. Kwa miezi mitatu soksi zilitosha, kisha tukanunua vile viatu nusu vinavyofunika mbele ya unyayo tu na kuacha kisigino wazi, ambavyo kazi yake ni kuuwezesha mguu kuzunguka juu ya vidole bila ngozi kuchubuka. Vinatakiwa kukaza. Tulinunua vilivyo vikubwa kidogo ili vidumu, vikawa vinazunguka peke yao huku mguu umesimama, na tukalazimika kununua tena. Vazi lenye vito halikuvaliwa hata mara moja, kwa kuwa vito hivyo humkwaruza mtoto anapoviringika. Kampuni kama Pastorelli ya Italia, na Sasaki na Chacott za Japani, hutengeneza vifaa vizuri sana vilivyoidhinishwa na FIG, lakini kibali hicho ni cha mashindano; mtoto wa mwaka wa kwanza anahitaji kipimo sahihi kabla ya chapa, na mpira usio na jina unaolala vizuri kiganjani unamfaa kuliko mpira maarufu asioweza kuubeba.

Darasa hili nalo lina dosari zake, mbali na foleni ya pete. Zulia lao ni jembamba na limetandikwa juu ya sakafu ngumu, na mtoto anayeruka mara mia juu yake huhisi magotini. Mipira ya klabu ilikuwa imelegea kwa karibu muhula mzima kwa kukosa pampu. Taarifa za kuahirishwa kwa vipindi zilikuja asubuhi ya siku hiyo hiyo, au hazikuja. Na onyesho la mwisho wa mwaka, ambalo lingekuwa jambo jepesi, lilimeza wiki nne za mafunzo kwa sababu ya kupanga mistari na kujaribisha mavazi, na watoto wakarudia ngoma moja hadi wakaichukia. Kwa hayo naikata nyota moja kati ya tano.

Utepe ulikuja katika mwezi wetu wa tisa darasani. Ulikuwa wa mita 3, na kijiti chake kilikuwa kifupi kulingana na mkono wa mtoto. Nilijifunza kwa nini unachelewa kuliko vifaa vyote: utepe haufanyi anachotaka mtoto, hufanya kile ambacho mkono wake ulifanya sekunde moja iliyopita. Wimbi huanzia kwenye kifundo cha mkono na kusafiri hadi mkiani, na mkono ukisimama, hata kwa kufikiri tu, mkia hudondoka sakafuni na kujifunga. Katika mashindano fundo hukatwa alama, lakini kabla ya hapo humkata mtoto hamu. Kadiri utepe unavyokuwa mrefu ndivyo mkono unavyohitaji nguvu na upana zaidi ili mkia usilale, na ndiyo maana ule wa mita 6 tuliokuja nao haungemfundisha chochote zaidi ya kufungua mafundo. Michoro ya kwanza ni miwili tu: nyoka, ambao ni mawimbi madogo yaliyokaribiana ya juu na chini, na mzunguko wa mfululizo kama chemchemi ya kitanda. Kila mmoja hufanywa kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, mtoto akiwa ametulia kwanza, halafu akitembea, halafu akikimbia. Baada ya matumizi utepe huviringishwa, haukunjwi, kwani mikunjo huvuruga wimbi. Ukishakunjamana hupigwa pasi isiyo na joto kali.

Binti yangu aliyekuja kwa ajili ya utepe alishangaa kuona kwamba sasa anaupenda mpira zaidi. Hata hivyo siku ile ya kwanza alifanya nyoka kwa hesabu mbili za nane, hatua nane na kugeuka, mkia ukielea, na katika mgeuko wa tatu utepe ukamzunguka kifundo cha mguu na kumketisha chini. Kocha alimwendea, akachuchumaa kando yake, na kuanza kumfundisha namna ya kuufungua bila kuuvuta.

Mwishoni mwa mwaka tulipewa nafasi ya kumhamishia kwenye kundi teule, vipindi vitatu kwa wiki vya saa mbili kila kimoja. Nilimuuliza mtoto, akauliza kama kocha atakuwa yule yule, na jibu lilikuwa hapana. Tumejiandikisha tena katika darasa lile lile la saa moja, mara mbili kwa wiki, na utepe wa mita 6 nimeuweka juu ya kabati ukiwa umeviringishwa.